Kazi ya mpiga basuni: kati ya jukwaa, kisu cha matete na darasa

Mkazi wa Kilwa, Liwale au Nachingwea ambaye amewahi kuona magogo ya mpingo yakipakiwa kwenye lori anajua, walau kwa kusikia, kwamba sehemu ya mti ule huishia Ulaya katika karakana za watengenezaji wa klarineti na obo. Kinachojulikana kwa wachache ni kwamba katika safu ya ala za kupuliza za okestra, jirani kabisa na klarineti, huketi mtu aliyeshika ala ndefu ya rangi ya kahawia iliyoiva, ambayo kwa kawaida haina mpingo ndani yake. Ala hiyo ni basuni. Huku kwetu Mtwara na Lindi, ambako masikio yamezoea kwaya, matarumbeta ya harusini na ngoma za Wamakonde, si ajabu mtu akawa ameisikia mara nyingi kwenye muziki wa filamu bila kujua jina lake. Makala haya yanajaribu kueleza mtu anayeishi kwa ala hiyo hufanya nini hasa, na kwa nini karibu kila mpiga basuni ni mwalimu pia. Maoni yangu ni kwamba kupiga na kufundisha kwa mtu huyu ni kazi moja, na mtawala wa kazi hiyo ni kipande cha tete kisichozidi urefu wa kidole.

Tuanze na mti, maana ndilo swali ambalo mtu wa kusini angeuliza kwanza. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Mita moja ya ujazo hufikia takriban kilo 1,200. Kwa klarineti, ambayo urefu wake ni kama sentimita 66, uzito huo hauna taabu. Basuni ni habari nyingine. Bomba lake lote lina urefu wa takriban mita 2.5, na ili mtu aweze kulishika limekunjwa mara moja, likashuka na kupanda tena, hata ala ikisimamishwa inabaki na kimo cha kama mita 1.3. Bomba refu namna hiyo likichongwa kwa mpingo lingemchosha mpigaji kabla hajamaliza ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo watengenezaji hutumia mepo, mti wa milima ya Ulaya ambao uzito wake ni karibu nusu ya mpingo, na bado ala inafika kilo tatu na zaidi, ikibebwa kwa mkanda unaopita chini ya makalio ya aliyeketi au mabegani mwa aliyesimama. Wepesi huo una gharama yake: mepo hunywa maji. Pumzi ya binadamu imejaa unyevu, na unyevu huo hutiririka ndani ya bomba kuelekea chini. Ndiyo maana upande mwembamba wa bomba hufunikwa kwa ndani na mpira mgumu, na ndiyo maana jambo la kwanza ambalo mwalimu humkazia mwanafunzi, kabla ya noti yoyote, ni kupitisha kitambaa ndani ya ala kila anapomaliza kupiga.

Ala ina vipande vitano: mrija mwembamba wa chuma uliopinda, ambao ndio hupokea tete; kipande chembamba cha mbao; kitako chenye matundu mawili, ambamo bomba hugeuka kurudi juu; kipande kirefu; na mdomo wa juu kabisa. Umbo tunaloliona leo katika okestra nyingi lilitokana na kazi ya Carl Almenräder, mpigaji wa Kijerumani aliyehangaika miaka mingi kurekebisha matundu na funguo, yaani vyuma vinavyobonyezwa kufunika au kufungua matundu, na mshirika wake Johann Adam Heckel, ambaye karakana iliyoanza mwaka 1831 bado ina jina lake. Wafaransa waliendelea na mtindo wao wenye funguo za mpangilio tofauti, ambao sasa wanaoupiga ni wachache.

Mpangilio wa funguo unastahili kuelezwa taratibu kidogo, kwa sababu hapo ndipo ugumu wa kujifunza unapojificha. Katika ala nyingi za kupuliza vidole gumba hufanya kazi ndogo: kushikilia ala, au kufunika tundu moja. Katika basuni, kidole gumba cha kushoto peke yake kina funguo kama tisa za kuhudumia, na cha kulia kina nne. Kuna noti za katikati ambazo hupasuka, yaani huanza kwa mkoromo usiopendeza, mpigaji asipogusa ufunguo fulani wa juu kwa gumba la kushoto kwa sehemu ndogo ya sekunde noti inapoanza. Kuna nyingine ambazo kidole cha shahada cha kushoto kinatakiwa kufunika nusu tu ya tundu, na nusu hiyo si nusu kamili. Inatofautiana noti kwa noti. Juu ya hayo yote, basuni mbili zilizotengenezwa na fundi mmoja huweza kutaka vidole tofauti kidogo kwa noti ileile. Jedwali la vidole lililochapishwa kitabuni ni mwanzo wa mazungumzo tu. Mwalimu analazimika kukaa na mwanafunzi, kusikiliza ala yake yeye, na kumtafutia vidole vinavyoikubali.

Sasa tete lenyewe.

Sauti ya basuni huzaliwa na ndimi mbili za tete zilizofungwa pamoja, zikiachwa na upenyo mwembamba katikati. Hewa ikipita, ndimi hufunga na kufunguka kwa kasi, na mtetemo huo ndio unaojaza bomba. Msomaji wa pwani hahitaji kwenda mbali kuielewa kanuni hii, kwa kuwa zumari ya Waswahili huimba kwa njia hiyohiyo, ingawa ulimi wake hukatwa katika jani la mti wa jamii ya mnazi. Tofauti kubwa iko mdomoni. Mpiga zumari huingiza ulimi wote ndani ya kinywa na midomo yake hukaa kwenye kisahani cha chuma, akiuacha ulimi uteteme kwa uhuru, tena akivuta pumzi kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa ili sauti isikatike. Mpiga basuni hulishika tete kwa midomo iliyokunjwa juu ya meno, na shinikizo la midomo hiyo, likiongezwa au kupunguzwa kidogo sana, ndilo huamua kama noti itakuwa juu, chini, laini au kali. Zumari imejengwa ipasue uwanja wa ngoma. Basuni imejengwa ichanganyike na watu themanini bila kupotea.

Matete yanayotumika si yale tunayoyaona kandokando ya Ruvuma na Lukuledi. Yale ya kwetu kwa kawaida ni ya jamii nyingine, yenye kuta nyembamba, yanayofaa kwa uzio na mikeka. Ya basuni ni aina iitwayo kitaalamu *Arundo donax*, na yenye sifa zaidi hutoka jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na bahari. Hukatwa majira ya baridi, kisha huachwa yakauke muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja, hadi yawe na rangi ya dhahabu.

Mpiga basuni wa kulipwa kwa kawaida hutengeneza matete yake mwenyewe, na hapa ndipo saa zake nyingi huishia. Huchukua bomba la tete lenye kipenyo cha milimita 24 hadi 26, hulipasua kwa urefu, kisha hukwangua upande wa ndani mpaka unene ubaki takriban milimita moja. Kipande hicho hulowekwa, hutolewa ganda la nje katikati, hukatwa umbo lililotanuka kama mkia wa samaki pande zote mbili za mkunjo, halafu hukunjwa. Ncha za chini huviringishwa kwenye kipini cha chuma kilichochongoka, hukazwa kwa nyaya tatu za shaba na uzi, na kazi yote huachwa ikauke tena kwa siku kadhaa au wiki. Hadi hapo kitu hicho bado hakiwezi kutoa sauti, kwa kuwa ndimi zimeungana kwenye mkunjo. Ncha hukatwa, na kipande kimoja kinakuwa ndimi mbili.

Kinachofuata ndicho hutenganisha fundi na mwanafunzi. Kibamba chembamba cha plastiki au chuma huingizwa katikati ya ndimi ili kisu kisizitoboe, na mpigaji huanza kukwangua: kidogo kwenye kingo, kidogo karibu na ncha, kidogo sana kwenye uti wa katikati, akisimama kila baada ya mikwaruzo michache kulipuliza tete peke yake. Tete zuri likipulizwa bila ala hutoa mlio mpana wenye sauti kadhaa kwa pamoja, kama kunguru aliyeudhika. Likitoa sauti moja nyembamba, bado ni nene mahali fulani. Likikoroma bila nguvu, limekwanguliwa kupita kiasi, na kilichoondolewa hakirudi. Kwenye ncha kabisa unene unaotafutwa ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Katika kila matete kumi yanayoanzwa, mpigaji hawezi kujua ni mangapi yatakayofaa kwa tamasha na mangapi yatabaki ya mazoezi, na hata lile bora hudumu wiki chache kabla nyuzi zake hazijalegea. Hii ndiyo sababu mpiga basuni hawezi kuweka akiba na kupumzika. Daima ana matete yaliyo katika hatua mbalimbali, mengine yakikauka dirishani, mengine yakisubiri kisu.

Jukwaani, okestra kubwa ya simfonia ina wapiga fidla wapatao thelathini, lakini wapiga basuni wawili, watatu au wanne tu, mmoja wao mara nyingi akibeba kontrabasuni, ambayo bomba lake ni refu maradufu na sauti yake ni oktavi moja chini zaidi. Mpiga fidla akikosea kidogo, wenzake humfunika. Mpiga basuni hana wa kumfunika: sehemu yake iko peke yake kwenye karatasi, na huenda akahesabu mapumziko ya mapigo mia moja kabla ya kuingia na noti nne zinazosikika ukumbi mzima.

Mifano miwili inatosha kuonyesha mzigo huo. Simfonia ya sita ya Tchaikovsky, ya mwaka 1893, huanza na basuni peke yake chini kabisa, juu ya besi zinazonong'ona. Na baadaye katika sehemu hiyohiyo mtunzi ameandika noti chache za basuni na kuziwekea herufi sita za kuamuru upole, kiwango ambacho ala hii kwa kimo kile cha chini hukifikia kwa shida sana. Waongozaji wengi humpa klarineti ya besi noti hizo. Binafsi naliona jambo hilo kuwa la busara, ingawa wapiga basuni wapo wanaolichukulia kama kunyang'anywa haki. Mfano wa pili uko upande wa pili wa ala. Stravinsky, katika muziki wa dansi uliooneshwa kwa mara ya kwanza Paris tarehe 29 Mei 1913, alianza na basuni peke yake juu kabisa, mahali ambapo wasikilizaji wa wakati ule hawakuzoea kuisikia. Kwa noti zile za juu mpigaji huandaa tete maalumu, jembamba na lenye msimamo, na wengine hubadilisha hata mrija wa chuma. Tete linalofaa kwa Stravinsky halifai kwa Tchaikovsky. Programu ikiwa na vyote viwili wiki moja, mpigaji anabeba kisanduku chenye matete ya tabia tofauti na kupanga lini abadilishe.

Basuni imepachikwa jina la mchekeshaji wa okestra, na Prokofiev mwaka 1936 aliipa sehemu ya babu mnung'unikaji katika hadithi yake ya watoto iliyosimuliwa kwa ala. Jina hilo limewachosha wapigaji wengi, na nadhani wana haki. Ala iliyoandikiwa konseto 39, yaani tungo za ala moja ikisindikizwa na okestra, na Vivaldi, na konseto yake moja na Mozart akiwa na umri wa miaka 18 mwaka 1774, haikuwekwa pale kwa ajili ya vichekesho. Sehemu ya pili ya konseto hiyo ya Mozart ni uimbaji mtupu, na ndiyo ambayo majopo ya usaili huitumia kupima kama mwombaji ana sauti au ana vidole tu.

Usaili wenyewe ni mlango mwembamba. Kwa kuwa viti ni vichache na aliyekikalia hukaa muda mrefu, nafasi hutangazwa kwa nadra. Judith LeClair alipewa kiti cha mpiga basuni mkuu wa New York Philharmonic mwaka 1981, na miaka 40 baadaye alikuwa bado yupo. Nafasi inapotokea, waombaji huitwa mmoja mmoja kupiga nyuma ya pazia ili jopo lisijue ni nani, wakipewa vipande vifupi vinavyojulikana na kila mtu: ufunguzi wa opera ya Mozart kuhusu harusi ya Figaro, ambao unataka noti za kasi zilizo sawasawa kama zimepimwa kwa rula, na mwisho wa simfonia ya nne ya Beethoven, ambamo basuni inarushiwa mbio za ghafla zisizo na mahali pa kuvutia pumzi. Dakika chache, asante, mwingine aingie. Mtu aliyejiandaa miezi kadhaa huenda akarudi nyumbani kabla ya saa sita mchana.

Kutokana na hali hiyo, sehemu kubwa ya wapiga basuni duniani haina ajira moja ya kudumu. Mtu hupiga na okestra mbili au tatu zinapomhitaji, huingia kwenye kundi la ala tano za kupuliza, huitwa kanisani wakati wa Pasaka na Krismasi, huuza matete kwa wanafunzi, na kwa siku zilizobaki hufundisha. Lakini ingekuwa kosa kudhani kwamba kufundisha ni kitega uchumi tu cha aliyekosa jukwaa. Vivaldi aliajiriwa mwaka 1703 kufundisha fidla katika kituo cha Pietà mjini Venice, kilicholea wasichana waliotelekezwa, na sehemu kubwa ya maisha yake ya utunzi iliambatana na kufundisha. Julius Weissenborn, mpiga basuni mkuu wa okestra ya Gewandhaus mjini Leipzig, aliandika mazoezi yake katika karne ya 19 akiwa mpigaji na mwalimu kwa wakati mmoja. Hadi leo ni vigumu kumpata mpiga basuni ambaye hakuyapitia.

Kinachofanya ualimu huu uwe mgumu ni kwamba karibu kila jambo muhimu limefichika. Mwalimu wa ngoma huweza kusema, tazama mkono wangu. Mwalimu wa basuni hawezi kuonyesha ulimi unavyogusa tete, koo linavyofunguka, wala misuli ya tumbo inavyobeba pumzi. Analazimika kutumia masikio. Somo la kwanza mara nyingi halina ala: mwanafunzi hupewa tete lililolowekwa, akaambiwa alipulize mpaka utoke ule mlio mpana. Kisha tete huwekwa kwenye mrija wa chuma, na viwili hivyo vikipulizwa pamoja hutoa noti inayokaribia C. Ikiwa juu mno, mwalimu anajua, bila kuangalia, kwamba midomo inabana. Ikiwa chini na imelegea, pumzi haisukumwi. Hapo ndipo mwalimu anapohitaji uvumilivu, maana mwanafunzi anataka vidole na wimbo, ilhali yeye anamrudisha kwenye mrija.

Suala la tete hujitokeza tena darasani. Mwanafunzi akilalamika kwamba noti za chini hazitoki, huenda kosa ni lake, huenda ni la tete, huenda ni pedi ya ufunguo isiyofunga vizuri. Mwalimu mwenye kisu mfukoni huchukua tete, hulikwangua mara mbili tatu, hulirudisha, na noti inatoka. Na wakati huohuo amemfundisha mtoto kwamba si kila kushindwa ni udhaifu wake. Mwalimu ambaye hatengenezi matete, na wapo wenye ujuzi mwingine mzuri tu, anabaki kukisia. Hapa ndipo ninaposimamia kusema kwamba mtu huyu hana kazi mbili: mkono unaotengeneza tete la tamasha la Jumamosi ndio uleule unaomtibu mwanafunzi Jumatatu.

Umri nao una mipaka. Matundu ya basuni ya kawaida yako mbalimbali, na mtoto mwenye mikono midogo hawezi kuyafikia kabla ya miaka kama kumi na miwili. Kwa wadogo zaidi ziko basuni fupi zenye sauti ya juu. Bei ni kikwazo kingine: ala mpya ya mwanafunzi hugharimu maelfu ya dola, na ya mpigaji mkuu makumi ya maelfu, jambo linalofanya shule nyingi ziinunue mwisho kabisa, baada ya tarumbeta na klarineti kutosha.

Kijana wa Mtwara au Lindi aliyevutiwa na ala hii angefanya vizuri kuanza na kile kinachopatikana. Kusoma noti na nadharia ya muziki hufundishwa katika vyuo kama TaSUBa ya Bagamoyo na chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichopo Zanzibar tangu mwaka 2002, na aliyekwisha kupuliza klarineti au saksofoni atakuwa na pumzi na masikio ya kuanzia. Masomo kwa simu ya video yanawezekana, lakini yana kasoro ambayo wengi hawaitarajii: programu za mazungumzo zimeundwa kwa sauti ya mtu anayeongea, na sauti nzito inayodumu huihesabu kuwa kelele ya nyuma, zikaikata. Mwalimu aliye mbali huona mashavu yakisogea na kusikia vipande vipande. Njia inayotumika ni mwanafunzi kujirekodi kwanza bila mazungumzo, kutuma faili, kisha wakakutana kwa video kuzungumzia kilichosikika.

Na matete yatakayotumwa kwa posta kutoka nchi kavu na baridi yatafika Shangani au Mikindani yakikuta hewa ya bahari. Tete hufyonza unyevu, ndimi huvimba na upenyo hutanuka, hata mwanafunzi akahisi anapuliza ukuta. Dawa yake ni koleo ndogo: waya wa kwanza, ulio karibu zaidi na ndimi, hubanwa kutoka juu na chini kwa nguvu kidogo sana, upenyo unajifunga, tete hupulizwa, kisha hubanwa tena ikibidi. Ukibanwa kutoka pembeni, upenyo huzidi kufunguka.